Chupa Isiyofungwa

Chupa ilikuwa inanong'ona mapajani mwangu tangu tulipotoka Columbia Heights. Mark, mchumba wangu, alipunguza mwendo kwenye kila kona.

"Funga kizibo, Haika. Itamwagika."

"Nikifunga itapasuka. Wewe endesha."

Tulikuwa tunakwenda Oakdale, kwa bibi yake, Velma, kula mkate wa vitunguu. Ukoo wao una asili ya Kijerumani, na Wajerumani wana jina lao la kuuita. Mimi nauita kwa Kiswahili, na sikuomba ruhusa. Unga uliokandwa kwa hamira hutandazwa kwenye trei, juu yake vitunguu vilivyolainishwa kwa siagi bila kugeuka rangi, mayai, krimu, vipande vya nyama ya nguruwe na mbegu za kisibiti. Huliwa ungali moto, pamoja na divai changa ambayo bado inachacha.

Divai hiyo ndiyo iliyokosekana. Mume wa Velma aliitengeneza kila Septemba kwa zabibu za nyuma ya nyumba. Alipofariki, zabibu zikawa za ndege, na mezani ikaja juisi ya tufaha ya dukani. Mwaka uliotangulia Velma aliisukuma glasi yake kando.

"Mwakani nakata mara ya mwisho," alisema. "Mikono inatetemeka, na simwoni wa kumwachia kisu."

Katika nyumba ile, mwenye kisu ndiye mwenye mkate: huuoka, huukata, huwaita watu. Nilikuwa nimeketi mbele yake kabisa.

Mwaka uliofuata zabibu zilipoiva, nikamwomba nizichume.

"Chukua," alisema. "Ndege wameshiba."

Mimi ni mtoto wa Kibosho. Nimelelewa karibu na mapipa ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Kinywaji kinachochacha hakinitishi.

Mezani, shangazi yake Mark, Stacy, aliweka glasi mbele ya Velma. Nikamimina divai, nzito, yenye ukungu, povu juu. Kisha nikaichukua glasi ile ile nikanywa.



"Mama ndiye huanza," Stacy alisema polepole, kama anayemfundisha mtoto.

"Kwetu aliyepika pombe huonja kwanza, mkubwa akimwona. Nikianguka, yeye asinywe."

Velma hakunitazama. Aliinama, akaweka sikio karibu na mdomo wa chupa, akakaa hivyo mpaka Mark akaanza kuhangaika kitini. Kisha akaivuta glasi ile akanywa.

"Hujaanguka," alisema.

"Bado, Bibi."

Alichekea puani. Akakigeuza kisu, mpini ukanielekea.

"Vipande vya mraba, ukubwa wa kiganja. Na kona ni zangu."

Siku hizi, kila Septemba, chupa hunong'ona kwenye rafu ya jikoni kwetu, na Mark huipita bila kuigusa. Stacy humleta Velma mapema, kabla trei haijatoka kwenye oveni. Mimi huonja kwanza. Kona bado ni zake.