Talaka ya Nyanya

Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na kidonda cha Muharami kilikuja ndani ya kopo. Alilinunua Kariakoo, miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, ambapo kila mwanamume wa Kibiti aliyefika Dar es Salaam alirudi na kitu cha kuwaringishia wenzake: huyu redio, yule saa inayowika kama jogoo. Muharami alirudi na mbegu za nyanya. Juu ya kopo palikuwa na picha ya nyanya nyekundu, imenona kama shavu la mtoto aliyeshiba uji, na chini yake maneno ya Kizungu ambayo hakuna aliyeyaelewa. Muharami mwenyewe hakuyaelewa, ila ndiye aliyewatafsiria watu.

Nyuma ya bafu, pale yanapotokea maji ya kuogea, mkewe Kuruthumu alikuwa na tungule zake: vinyanya vya kienyeji, vikali kidogo, vilivyojiotea vyenyewe na kuzaa mpaka majirani wakaja kuomba. Muharami alikuwa amezila katika kila mchuzi tangu aoe. Sasa akazitazama kana kwamba zimemtukana.

"Hizi za kulishia kuku," alisema. "Dunia inakula nyanya, mke wangu, sisi bado tunadonoa tungule."

"Anayedonoa si ndiye kuku?" aliuliza Kuruthumu, akaendelea kupara samaki wake.

Laiti Muharami angeishia hapo! Lakini mdomo huponza kichwa, na wa Muharami haukuwahi kupumzika. Alilibeba kopo hadi barazani kwa wanywa kahawa, na huko jirani yake Nassibu akaligeuzageuza, akasema, "Yakhe, hili boga. Wamelipaka rangi."

Watu wakaangua kicheko. Muharami akasimama, kahawa ikamwagikia magotini.

"Wallahi! Mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla sijatia mdomoni nyanya ya kopo hili, imeiva, nyekundu kama hii ya pichani, Kuruthumu kaachika!"

Kicheko kilikatika. Kibiti nzima ilijua kwamba Kuruthumu alikwisha kuachwa mara mbili na kurejewa mara mbili: kwanza kwa chumvi kuzidi kwenye mchuzi, halafu kwa kumwazima shangazi yake mwavuli bila kuuliza. Imebaki talaka moja, na hiyo ya tatu haina kurejeana, mpaka mke aolewe na mwingine naye amwache. Na nyumba anayolala Muharami, uwanja wake na bafu lake, ni urithi wa Kuruthumu kutoka kwa baba yake.

Muharami alikimbilia kwa Shekhe Abdulkarimu kuuliza kama neno la hasira linahesabiwa.

"Ulikuwa na akili zako?" aliuliza Shekhe.

"Nilikuwa nazo."

"Sikuwa na hakika. Basi sharti limesimama. Kalime."

Nyumbani habari ilikuwa imemtangulia. Kuruthumu alimpokea kwa macho mekundu ya hasira. "Mimi ni mke, Muharami, au karata ya kuchezea kamari?"

"Ulimi uliteleza tu."

"Ulimi wako umeteleza mara ngapi, na kila mara ninaanguka mimi?"

Akalima kweli. Mtu ambaye hakuwahi kuinua ndoo sasa alfajiri yuko kisimani. Alipanda mbele ya nyumba, juani, wapita njia waone. Kuruthumu akamwambia azitilie kivuli, joto litazichoma. Akajibiwa kwamba nyanya za Ulaya haziogopi jua, utadhani jua lilizaliwa huko. Miche ikastawi majani matupu. Maua yakatoka, joto likayapukutisha. Kisha ukaja mnyauko: mche umesimama asubuhi, jioni umelala. Nassibu akawa anapita kila siku kutoa rambirambi.

"Marehemu wa leo ni wangapi?"

Na kila mchana wali ulipopakuliwa, juu yake palikuwa na mchuzi wa tungule. Muharami alikula, akaramba vidole.

Mwishowe ulibaki mche mmoja, una tunda moja. Aliuzungushia wavu mkuukuu wa kuvulia, akawa anausemesha kwa upole ambao Kuruthumu hakuusikia hata siku ya harusi yao. Hofu ilikuwa imemwingia. Je, alimpenda mkewe? Alimpenda, kama mtu anavyolipenda paa la nyumba yake: haliangalii mpaka livuje.

Siku ya vunja jungu, watu wanapika na kula kuiaga Shaabani, nyanya ikawa nyekundu. Haikufanana na ile ya pichani. Ilikuwa ndogo, kitako kimeingia weusi, lakini nyekundu ilikuwa nyekundu. Mtu mwenye akili angeichuma akaila palepale. Muharami alivaa kanzu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Kuruthumu.

"Kuita mashahidi. Nassibu ataona kwa macho yake leo!"

"Kula kwanza, Muharami." Alimshika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu kiapo kile. "Kula sasa hivi, roho yangu itulie. Halafu waite unaowataka."

"Nikila peke yangu, nani ataamini?"

"Mimi nimeona. Mimi nitaamini."

"Ah, wewe! Wewe si mke tu?"

Kuruthumu akauachia mkono wake.

Muharami alirudi na Shekhe, Nassibu na nusu ya baraza nyuma yao, yeye mbele, kifua kimetangulia. Wavu ulikuwa umefunguliwa, mche mtupu. Kuruthumu alikuwa ameketi kizingitini, anajifuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Nyanya yangu iko wapi?"

"Nimekula."

"Mtume! Yote?"

"Na kitako chake cheusi. Maji matupu, haina ladha."

Muharami alimgeukia Shekhe. Shekhe alikuwa anatazama viatu vyake. Hata Nassibu hakucheka.

"Kuruthumu, mke wangu," Muharami alinong'ona, akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, "hukubakiza hata mbegu? Hata maji yake sahanini, nilambe?"

"Sahani nimeshaiosha," alisema Kuruthumu, akainuka. "Jua linazama, Muharami. Nenda kaangalie mwezi."