Funza Asiyetoka

Kisigino cha kuume cha Jumaine kilinuka hadi abiria wa kabini wakaanza kulaumu samaki wa wenzao. Dereva wa lori la Beni–Butembo, mtu wa kujipulizia manukato hata akienda kubadili tairi, sasa alinuka kama ndoo ya matumbo iliyosahaulika juani.

Ilianza na doa jeusi, aliporudi kutoka kupakia viazi Masereka. Doa jeusi kisiginoni, nani aulize mara mbili? Funza! Mkewe Sofia akachomoa pini kwenye kitenge, akachokoa. Pini ileile Jumaine aliyokuwa akitolea nyama menoni. Miezi mitano walifukua na kumimina mafuta ya taa. Ikatoka damu nyeusi, yakatoka maji ya njano, kila kitu isipokuwa funza.

“Baba Amina, uyu funza alishanunua parcelle, kiwanja kabisa, umo ndani,” Sofia alimtania.

Leo, hospitalini Butembo, daktari Kahongya alikuwa na majibu ya kipande cha nyama alichokuwa amekikata kisiginoni kukipima. Alipofungua bendeji, Jumaine aligeukia ukuta.

“Iyi hapana funza, baba. Ni kansere ya ngozi.”

“Lakini miye niko mweusi! Si ni ya bazungu?”

“Kisigino yako haikuuliza. Sikia: kila chembe ya mwili iko na gène, ile amri ya kurithi, ya kuizuiya isizaliane ovyo. Ni kama frein, breki ya lori. Ku izi chembe zako, frein ilikatika. Zinateremuka tu.”

“Ni pini yangu ilikata?” Sofia akauliza, sauti ndogo.

“Hapana, mama. Lakini ilitupotezea miezi tano.”

Mguu ukatwe chini ya goti, alisema daktari, wiki hii, kabla ugonjwa haujapanda.

“Muguu ya kuume? Nitafunga frein na nini?”

Jumaine akakumbuka mteremko mmoja wa miaka ya nyuma, lori limejaa mbao, breki zimekatika. Hakungoja tambarare. Aliligonga ukingoni lingali likienda polepole. Pua ya gari ikaenda, yeye akabaki. Dereva mwingine, aliyengoja tambarare, aliokotwa vipande kwa beseni.

Akakitazama kisigino: cheusi, chenye majimaji, kingo zimevimba kama midomo.

“Basi tugonge ukingo sasa. Kata, docteur. Lakini kwanza munyanganye Mama Amina ile pini.”

Sofia akaichomoa kwenye kitenge, akaishika kwa ncha za vidole kama mkia wa panya, akaitupa kwenye ndoo ya bendeji chafu. Jumaine akapitisha ulimi menoni, akaomba maji ya kusukutua.