Kabati la Kobe

Mume wangu aliandika programu yake ya kwanza kwa sababu yangu. Mimi ni fundi cherehani, na miaka hiyo vipimo vya wateja niliviandika popote mkono ulipofika: nyuma ya kalenda, kwenye maboksi ya uzi, mara nyingine kiganjani. Ndipo nikamshonea bwana harusi suruali kwa vipimo vya baba yake mzazi. Alikuja kuijaribu asubuhi ya harusi, ikamwishia kwenye muundi, nikakosa pa kuuficha uso. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua kompyuta chakavu ambayo shule moja ilikuwa inaitupa, akaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, na baada ya wiki tatu nikawa na mahali pa kuhifadhi vipimo. Akapaita Kabati, maana palikuwa na droo, moja kwa kila mteja.

Watu wanamwita Kobe tangu utotoni, kwa kuwa hajatokea mtu wa kumharakisha. Kabati alilitoa bure. Aliliweka kwenye tovuti moja ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, ili yeyote alichukue, asome maandishi yake ya ndani, hata alibadilishe akitaka. Niliwahi kumuuliza anapata nini.

"Waliotengeneza Linux hawakuniuliza mimi ni nani," akasema. "Na mimi nianze kuuliza watu?"

Polepole watu wakalijua. Mtengeneza miwani, mchonga mihuri, daktari wa meno mwenye kiti kimoja. Hawa walikuwa watu wa kompyuta za zamani na maduka ya mlango mmoja, na walimwandikia Kobe kama wanavyomwandikia ndugu. Aliyeandika zaidi ya wote alikuwa mama mmoja anayetengeneza miguu ya bandia, mbali sana na kwetu. Kobe alimwita Mama Miguu. Mama huyo aliweka ndani ya Kabati vipimo vya vigutu vya wagonjwa wake, kwa sababu kigutu hunywea na kuvimba, na lazima aone kilikuwaje mwezi uliopita ndipo achonge mguu wa mwezi huu. Kobe alimwongezea ukurasa maalumu kwa kazi hiyo. Kila alipobadilisha chochote, alimtumia yeye kwanza ili akijaribu.

Kiharusi kilimkuta mezani pake, saa tatu asubuhi. Nilikuwa chumba cha pili, napiga pasi kola. Nilisikia kompyuta inalia mlio mmoja usiokatika, nikamwambia aizime. Mlio haukukoma. Nilipoingia, mkono wake wa kulia ulikuwa umelalia vitufe na yeye ananitazama kwa jicho moja lililo wazi na jingine limesinzia.

Alikaa hospitali wiki tano. Alirudi upande wa kulia umekufa, na kati ya maneno yote aliyokuwa nayo duniani amebakiwa na moja: sawa. Ukimuuliza ana njaa, sawa. Ukimuuliza maumivu yako wapi, sawa. Mtaalamu wa matamshi alinieleza kwamba akili yake ni nzima. "Anakuelewa, mama. Maneno yapo huko ndani, njia ya kutokea ndiyo imekatika, ya mdomo na hata ya kuandika. Neno moja limebaki mlangoni, basi analisukuma hilo hilo." Nilizoea kumsoma machoni. Mara nyingi nilikosea, na nikikosea aligeukia ukuta.

Mwezi wa pili barua pepe zikaanza kuja. Barua zake hufunguka zenyewe kwenye kompyuta ya mezani, na mimi nilikuwa nazipitia nikitafuta za ndugu. Hizi zilikuwa za watu wa Kabati. Toleo jipya la Linux lilikuwa limetoka, na waliolipokea walikuta Kabati halifunguki. Mtengeneza miwani aliandika, "Nabofya, dirisha linatokea, linazimika. Nimefanya nini vibaya?" Daktari wa meno akaandika mara tatu, kila barua fupi kuliko iliyotangulia. Mama Miguu akaandika, "Kobe, najua una shughuli zako. Nina wagonjwa kumi na mmoja wanakuja mwisho wa mwezi, na mmoja anasafiri siku mbili. Vipimo vyao vyote vimo humo. Nijibu hata kwa neno moja."

Neno moja ndilo alilokuwa nalo. Nilikaa na barua ile, mikono mapajani. Mimi najua kukunja pindo, najua kupandisha bega lililoshuka. Ndani ya Kabati sijui hata pa kushika.

Nilimwita Mwalimu, rafiki yake aliyesoma naye, anayefundisha kompyuta sekondari. Alikuja mchana baada ya vipindi, chaki bado kwenye mkono wa shati. Alimshika Kobe bega, akaketi, akasoma.

"Shemeji, tatizo nimeliona," akasema baada ya muda. "Kabati linaazima vitufe na madirisha yake kutoka kwenye kifurushi cha zamani cha programu, na Linux mpya imekitoa. Kulifanya lifunguke tu naweza, nikipewa siku. Lakini wateja wake wote wanapokea marekebisho kutoka akaunti yake kule kwenye tovuti. Bila neno lake la siri siwezi kuwafikishia."

"Si wakutumie jingine kwa barua?"

"Barua ya kubadilisha inakwenda anwani ya ile ofisi aliyofanyia kazi zamani."

Ofisi ile ilishafungwa. Siku hizi ni duka la magodoro.

Kisha Mwalimu akasema tumweke Kobe mwenyewe mbele ya kibodi, huenda vidole vinakumbuka. Tulimsogeza kwa kiti chake, nikamwekea mto mgongoni. Mwalimu akafungua ukurasa wa kuingilia. Kobe aliutazama, akanitazama, na nikaona ameelewa tunachotaka. Akanyoosha mkono wa kushoto, akauweka pale unapokaa siku zote. Ule wa kulia nilimwinulia mimi nikauweka upande wake, ukakaa kama glavu.

Alizoea kuandika kwa vidole vyote bila kutazama. Mkono wa kushoto ukaanza, na ulikwenda mbio, kwa uhakika, kama hakuna kilichotokea. Ukagonga, ukasubiri kidogo, ukagonga tena. Pale uliposubiri ndipo zamu ya mkono wa kulia ilipokuwa. Mwalimu akaandika herufi alizoona zinagongwa: t, a, r, e, e, a, b, a, na mwishoni namba 4. Tukamwomba arudie. Zikatoka zile zile.

"Tarehe," Mwalimu akasema. "Inaanza na tarehe. Tarehe ya nini, shemeji?"

"Tarehe ya harusi yetu yenyewe alikuwa hakumbuki."

Kobe alitoa sauti, nadhani ilikuwa kicheko. Kisha akaanza kutusaidia. Mwalimu alimtajia maneno na yeye anatikisa kichwa: tarehe ya nyumba, tarehe ya mbao, tarehe ya ubao. Kwenye moja alisita, tukalijaribu, likakataa. Tulijaribu manne. La tano lilipokataa, ukurasa ukaandika kwamba akaunti imefungwa kwa usalama wa mwenyewe.

Kobe alisoma maandishi yale. "Sawa," akasema. "Sawa, sawa, sawa," na machozi yanashuka upande mmoja tu wa uso, maana ule mwingine ulikuwa umekufa. Nilimfuta kwa kitambaa nilichokuwa nimekibana kwa pini begani.

Mwalimu akawaandikia wenye tovuti. Nilimsaidia kwa vyeti vya hospitali. Walijibu kwa adabu, baada ya siku tisa, kwamba wanatupa pole, na kwamba mwenye akaunti athibitishe ombi hilo mwenyewe kwa maelezo yake ya maandishi. Nilisoma jibu mara mbili. Mwenyewe alikuwa kitandani, mita tatu kutoka pale nilipokaa, akiwa hai na akili zake timamu.

Ikabaki njia moja. Kwa kuwa Kabati ni la wote, Mwalimu alinakili maandishi yake, akayaweka mahali pengine kwa jina jingine, akaondoa kile kifurushi cha zamani na kutia kipya. Ilimchukua Jumamosi mbili. Alisema wazi kwamba nusu ya aliyoyasoma hakuyaelewa. "Ameandika peke yake miaka kumi na minne, shemeji. Anajua kwa nini kila mstari upo. Mimi naingia nyumba ya mtu gizani."

Mimi nikawaandikia watu mmoja mmoja, wale tuliokuwa na barua zao. Wengine wote, sijui ni wangapi, hatukuwa na namna ya kuwafikia. Daktari wa meno alijibu kwamba ameshahamia programu nyingine. Mtengeneza miwani alituma salamu ndefu za pole. Mama Miguu aliandika mistari miwili: yule mgonjwa wa siku mbili alifika, akampima upya bila kujua kigutu kilikuwaje mwezi uliopita, na mguu umemchubua. Anaomba nakala hiyo mpya haraka.

Kabla ya kumpelekea, nilitaka Kobe aione. Ilikuwa asubuhi, Mwalimu yupo. Tukafungua nakala kwenye kompyuta yangu yenye vipimo vya wateja wangu, nikamsogeza mbele ya skrini. Alipitisha macho taratibu, kama alivyokuwa akikagua zamani. Nikaona shingo yake inalegea, nikaanza kupumua. Kisha Mwalimu akafungua ukurasa wa Mama Miguu, ule wa vigutu, ukiwa na namba za kujaribia, na Kobe akakakamaa.

Akainua mkono wa kushoto, akagusa skrini. "Sawa," akasema kwa ukali.

"Hapa?" Mwalimu akauliza. Kobe akatikisa kichwa. Akagusa tena, chini kidogo.

"Namba hii?" Hapana. "Rangi?" Hapana. "Mpangilio wa tarehe? Kipimo cha juu kimekaa chini?" Hapana, hapana.

Nilileta daftari, nikalinganisha namba moja baada ya nyingine, kama ninavyokagua kitambaa kabla ya kukata. Zilikuwa zile zile. Mwalimu akafungua maandishi ya ndani ya ukurasa ule, akayashusha mstari kwa mstari. Kobe alifuata kwa jicho, akanyoosha kidole, akakirudisha, akanyoosha tena. Nilimpa penseli. Akachora duara, na katikati ya duara mstari, na akanitazama kama mtu aliyekwisha kusema kila kitu. Tuliigeuza karatasi huku na huku. Mwalimu alibadilisha kitu, akamwonyesha. Kobe akatikisa kichwa. Mwalimu akakirudisha kilivyokuwa.

Tulikaa hivyo mpaka saa saba. Mwishowe Kobe aliuangusha mkono mapajani na kugeuza uso. Tulipomlaza hakukataa. Mwalimu alinawa mikono, akasimama mlangoni, akasema atarudi Jumamosi na macho mapya, ingawa hakudhani yatasaidia.

Nilirudi mezani. Kile kidole kilikuwa kimeacha alama za jasho kwenye kioo, nyingi, zimetapakaa ukurasa mzima. Nikamwandikia Mama Miguu:

"Mimi ni mke wa Kobe. Nakala mpya nimeiambatanisha, na inafunguka. Ila kwenye ukurasa wako kuna kitu hakiko vizuri. Mume wangu amekiona na hawezi kutuambia, na sisi hatujui ni kitu gani. Usiuamini. Kila mgonjwa mpime kwa mkono, mara mbili, uandike kwenye daftari."

Nikaisoma tena kuona kama kuna cha kuongeza. Hakikuwapo. Nikaituma.