Siku Tulipomvuta Baba Kwenda Makambako

Baba yangu, Efraimu, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na karani mstaafu, na mwaka ule wa 1956 alikuwa mmoja wa Waafrika wachache sana wa Njombe waliomiliki gari. Lilikuwa gari dogo la abiria, jeusi, la milango minne, alilolinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kila Jumamosi aliliosha kwa maji ya moto na sabuni, akalifuta mpaka ukiinama mbele ya mlango unaona meno yako. Lakini boneti hakuifungua hata siku moja. Aliamini kwamba waliolitengeneza wameifunga kwa sababu zao.

Aliyejua magari ni mume wangu, Silvesta. Alizaliwa Uwemba, Mkatoliki, na vita vya Hitla alivimalizia Burma akiwa dereva wa jeshi. Nilipoolewa naye, baba hakuja harusini. Miaka sita ikapita hajalitamka jina lake. "Tabea, huyo dereva wako hajambo?" Ndivyo alivyouliza, na hakungoja jibu. Silvesta naye, kwa heshima ya ukwe, hakumwendea uso kwa uso, alinituma mimi. "Mwambie baba apime oili kila wiki. Aibadilishe, isikae mpaka iwe nyeusi kama lami. Na maji ayaangalie kabla hajawasha." Nilipeleka maneno hayo mara tatu. Mara ya tatu baba akaniuliza, "Dereva wako anadhani gari langu ni ng'ombe, lichunguliwe tumboni kila siku?"

Mwezi wa tatu injini ikakwama pale sokoni, mchana, mbele ya watu. Oili ilikuwa imekauka, vyuma vikasagana mpaka vikashikana. Fundi aliyeweza kuifungua injini ile alikuwa Mikaeli wa Makambako, umbali wa kama maili arobaini. Na gari pekee lililopatikana la kulivuta lilikuwa pikapu aliyoiendesha Silvesta, mali ya mfanyabiashara mmoja wa viazi. Gari la baba likakaa sokoni siku nane likinyeshewa. Siku ya tisa baba akaja kwangu, akasimama nje ya ua, akasema, "Mwambie aje."

Asubuhi ya safari kulikuwa na ukungu na baridi ile ya Njombe inayoingia mpaka kwenye meno. Silvesta hakutaka kamba. Alileta chuma kirefu chenye kulabu pande zote mbili, akakifunga nyuma ya pikapu na mbele ya gari la baba, akakitikisa, akakikanyaga kwa mguu.

"Kamba inakatika," alisema, akiniangalia mimi ingawa maneno yalikuwa ya baba. "Tena kwenye mteremko gari la nyuma linakuja kukugonga. Chuma kinalizuia. Baba aweke gia huru, afuate magurudumu yangu tu. Breki asiikanyage ovyo. Akitaka tusimame, apige honi."

"Mwambie nimesikia," baba akasema.

"Na kioo akiache wazi kidogo."

"Kwenye baridi hii?" Baba aliniuliza mimi. "Kwa nini?"

Silvesta alikuwa ameinama anakaza kulabu. "Ni vizuri tu hewa ipite," alisema. Akaikaza tena.

Baba alivaa koti lake zito na kofia, akaingia. Mimi nilipanda nyuma ya pikapu, juu ya magunia ya viazi, nikajifunika blanketi na kuelekea nyuma. Kazi yangu ilikuwa kumwangalia baba. Kukiwa na jambo, nigonge bati la kibanda cha dereva mara mbili, Silvesta asimame.

Basi tukaenda hivyo, mwendo wa mtu anayekimbia polepole, mimi na baba tukielekeana kwa kioo cha mbele cha gari lake kama watu waliokalishwa meza moja bila kupenda. Hakuwa mbali, ningetupa kiazi ningekigonga kioo. Lakini hakuniangalia. Alitazama magurudumu, mikono yote miwili juu ya usukani, mgongo umenyooka kama yuko kwenye benchi la wazee wa kanisa. Tulipotoka mjini tu nilimwona akizungusha mkono, kioo cha pembeni kikapanda mpaka juu. Nikawaza kumwambia Silvesta. Nikaona si jambo la kusimamishia gari.

Tulipita kijiji cha Mtwango salama. Mbele yake kulikuwa na kilima, na mvua ya usiku ilikuwa imeifanya barabara kuwa uji. Katikati ya kilima magurudumu ya pikapu yakaanza kuzunguka bila kushika. Silvesta akakanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Tope likaruka. Moshi ukatoka chini yetu, wa bluu, mzito, na kwa kuwa upepo ulikuwa hafifu na unashuka kilima, ulirudi nyuma polepole. Ulililalia gari la baba kama ukungu mwingine.

Silvesta akapiga kelele kutoka dirishani, "Tabea, shuka ukate matawi! Nikizima haiwaki tena hii."

Nikashuka. Nilikata matawi, nikayatia chini ya magurudumu, yakatupwa nyuma, nikakata mengine. Labda ilikuwa nusu saa, labda zaidi. Nilikuwa na tope mpaka magotini. Mara moja nilipoinua uso nilimwona baba ndani ya gari lake, kichwa kimeinama kifuani, kofia imemshukia usoni. Nikasema moyoni: anasinzia. Au anasali. Au anajifanya, asije akaombwa kusukuma gari linalovutwa na mkwe wake. Nilikasirika. Nilisonya, nasema kweli, nilimsonya baba yangu mzazi, nikampa mgongo nikaendelea kukata matawi.

Kisha magurudumu yakashika. Nikarukia nyuma ya pikapu, tukaanza kupanda. Hatukwenda hatua ishirini gari la baba likaanza kwenda upande. Halikufuata. Lilivuta kulia, chuma kikalia, gurudumu la mbele likaingia mtaroni. Kichwa cha baba kikayumba kikagonga kioo cha pembeni, kikabaki hapo. Hakukiinua.

Niligonga bati. Sikugonga mara mbili, niligonga mpaka mkono ukatoka damu.

Silvesta alishuka akakimbia. Akavuta mlango, baba alikuwa amejifungia. Milango yote minne. Nikamwita, "Baba! Baba!" Macho yake yalikuwa yamefunguka nusu, yanatazama mahali ambapo hapakuwa na mtu. Silvesta akarudi pikapuni akaleta spana kubwa, akanisukuma kando, akapiga kioo. Kilipopasuka hewa iliyotoka ilinipiga puani: petroli na kitu kama chuma cha moto.

Nilikuwa nimesikia kwamba maiti huwa na midomo ya rangi ya majivu. Midomo ya baba ilikuwa myekundu. Mashavu yake yalikuwa na rangi nzuri, kama ya kijana. Hilo ndilo lililonitisha kuliko lolote, kwamba mtu asiyepumua apendeze hivyo.

Tulimburuta mpaka kwenye majani, upande unakotoka upepo. Silvesta akamvua koti, akalichana shati lake mpaka vifungo vikaruka, akamgeuza kifudifudi, uso upande. Kisha akapiga magoti pande zote mbili za mwili wa baba, akaweka viganja vyake mgongoni mwake, akamkandamiza kwa uzito wake wote. Akaachia. Akakandamiza tena.

"Unafanya nini?" nililia. "Silvesta! Unamkalia baba!"

"Tulifundishwa jeshini. Usinishike. Hesabu!"

"Nihesabu nini?"

"Hesabu tu, nisipoteze mwendo!"

Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, achia, nne, tano, sita, achia. Mume wangu ambaye kwa miaka sita hakuthubutu kusimama kivuli kimoja na baba yangu alikuwa amempanda mgongoni kama mtu anayekanda unga. Na wakati huo huo akatokea juu ya kilima mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama. Akautupa mzigo.

"Anamuua!" alipiga yowe. "Njooni! Mtu anamuua mzee!"

"Hamuui," nilisema, na hata leo sijui nilipata wapi uhakika huo. "Ni mkwe wake, mama. Ni mkwe wake."

Mama yule, tulikuja kumjua baadaye kwa jina la Letisia, alikuja akatazama kwa karibu. Akavua kitenge chake cha juu akakitandika chini ya uso wa baba, usiwe kwenye tope. Hakuuliza tena. Akaanza kuhesabu pamoja nami.

Nilifika mia nne na kitu. Kisha baba akakohoa. Akatapika, akavuta pumzi kwa sauti kama mlango mzito unaofunguliwa, akatapika tena. Silvesta akamwondokea upesi, akasimama mbali, mikono nyuma, kama aliyefumaniwa akiiba.

Baba akafungua macho. Akamwona Letisia, akaniona mimi, akaliona gari lake. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Nani amevunja kioo changu?"

Hakuna aliyecheka. Nikakaa hapo hapo topeni.

Silvesta aliking'oa chuma, gari tukaliacha mtaroni chini ya ulinzi wa Letisia na watu waliokuja kwa yowe lake. Tulimlaza baba juu ya magunia, mimi nikamshika kichwa mapajani mpaka Makambako. Njia nzima nilikuwa nimemwekea kiganja mbele ya pua.

Kwenye zahanati alikuwepo mganga anayeitwa Tarsis, mtu wa maneno machache. Alimtazama baba midomo, akamfunua macho, akauliza, "Mlilala na jiko la mkaa ndani, mlango umefungwa?"

"Hapana," nilisema. "Alikuwa kwenye gari. Gari lenyewe bovu, halikuwashwa. Tulikuwa tunalivuta."

"Wekundu huu ni sumu ya moshi. Basi huo moshi ulitoka wapi?"

Nilimgeukia Silvesta anisaidie kujibu. Uso wake ulikuwa umebadilika. Alitoka nje. Nikamfuata, nikamkuta amelala chali chini ya pikapu, na alipotoka alikuwa ameshika kipande cha waya kilichoungua.

"Bomba la moshi limekatika," alisema. "Nilikuwa nimelifunga kwa waya. Waya umeachia, moshi wote ulikuwa unamwendea yeye, ukaingia kwa matundu ya chini na kukosa pa kutokea."

"Limekatika leo?"

Aliuzungusha waya vidoleni.

"Silvesta. Limekatika lini?"

"Wiki tatu," akasema. "Kila siku nikasema nitalichomelea Jumatatu. Ndiyo maana nilimwambia kioo. Niliona aibu kusema kwa nini. Mimi niliyemhubiria habari za oili."

Nilimtazama mtu niliyelala naye miaka sita na sikumtambua. Nilitaka kumpiga kwa waya ule. Halafu nikakumbuka nilivyokiona kichwa cha baba kimeinama, na nilivyosonya, na mkono wangu ukashuka wenyewe. Jambo hilo sikumwambia Silvesta siku ile. Baba naye amekufa bila kulijua.

Baba alilazwa siku nne, kichwa kikimuuma hata hakuweza kutazama mwanga. Siku ya pili mchana Silvesta aliingia chumbani, kofia mkononi. Nilisimama mlangoni, kwa maana nilijua alichokuja kusema, na nilikuwa nimemwambia kwamba asiposema yeye nitasema mimi.

"Baba," alisema. Kwa mara ya kwanza hakupitia kwangu. "Moshi ulitoka kwenye gari langu. Bomba lilikuwa bovu na nilijua."

Baba alijiinua kidogo kitandani. "Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Ukanivuta hivyo hivyo."

"Ndiyo, baba."

Nilidhani atamfukuza. Nilikuwa tayari kutoka pamoja na mume wangu, au kubaki na baba, sikujua lipi. Baba akageuza uso ukutani. "Wewe ulijua la bomba," alisema kwa sauti ndogo, "na mimi nilijua la oili. Karani wa miaka thelathini, nikapuuza maneno kwa sababu ya mtu aliyeyatuma." Akapumzika. "Sitakuambia nimekusamehe leo, Silvesta. Kichwa kinaniuma. Njoo kesho."

Alikuwa ametamka jina lake. Silvesta alitoka akaenda kusimama nyuma ya zahanati, na kwa mbali nikaona mabega yake yanatikisika.

Alikwenda kesho yake, na siku iliyofuata. Waliongea nini sijui, mlango ulikuwa umefungwa. Bomba lilichomelewa kwa Mikaeli mchana ule ule wa maungamo, kabla Silvesta hajala chochote, na gari la baba akalifuata yeye na Mikaeli, vioo vyote chini. Injini ilichukua miezi miwili kupona.

Hawakuwa marafiki. Baba aliendelea kubishana naye habari za Roma na za Luther mpaka uzee wake. Ila Pasaka ya mwaka uliofuata, baada ya ibada yao, alikuja kwetu akiendesha mwenyewe, akapiga hodi uani, na Silvesta alipotoka, baba akamsalimu kwa lugha ya nyumbani, "Kamwene, mkwe wangu. Nimekuja kula."