Betri za Kuanika

Asubuhi ya kikao Nyangi aliosha masufuria yote ya mgahawa wake, hata yale yaliyokuwa safi. Mdogo wake Ezra alikuwa mochwari Tarime mjini, na mchana huo wazee wangeamua kama kijiji kitamchimbia kaburi au hakitamchimbia. Alisugua tu. Waliopita njiani walidhani hajasikia habari.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Ezra alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayosimikwa ndani ya duara ili udongo usiwashukie wachimbaji. Duara ni shimo, ila mwenye shimo hapendi kuliita hivyo. Wachimbaji wa zamu ya asubuhi walimkuta chini ya duara la Simioni, kafukiwa mpaka shingoni. Kabla hawajamaliza kumtoa, Simioni alikuwa ameshasema neno lake: intruda. Ni neno lililotoka Nyamongo na wachimbaji, mwaka ule wa rashi, mbio za dhahabu, walipohamia kilima cha Nyamisaro na sululu zao, muziki wao na bodaboda zao. Maana yake mtu aliyeingia kuiba mawe yenye dhahabu.

Na mwizi anayefia kwenye wizi, kijiji hakimshikii jembe. Ndiyo sheria ya ritongo, baraza la wazee wa Kikurya. Ndugu zake watachimba peke yao, watabeba peke yao, na wapita njia watageuza uso. Sheria hiyo ilitungwa enzi za wizi wa ng'ombe, na wenye umri wanakumbuka vizuri kwamba wezi waliosababisha itungwe walikuwa wajomba zake Simioni. Lakini dhahabu ikipatikana kumbukumbu hupotea. Mtu akishanunua pikapu, ukoo wake wote huzaliwa upya.

Nyangi hakuwa na ndugu mwingine wa kiume. Alikuwa na jembe moja, la bustani.

Yeye alijua Ezra hakwenda kuiba. Jioni ya kabla ya kifo Ezra alipita mgahawani na magogo begani, akayaegemeza ukutani, akala ugali kwa dagaa amesimama.

"Simioni ananiita," alisema. "Duara linalia."

Duara likilia ni kwamba magogo yanalalamika na udongo unataka kushuka.

"Si ungengoja kesho?"

"Anasema kesho kuna mawe ya kutoa. Niongezee mchuzi, dada."

Maneno hayo Nyangi aliyapeleka kwa mwenyekiti, kwa polisi na kwa mchungaji. Wote walimjibu namna moja: wewe ni dada yake.

Simioni yeye alikuwa na kamera.

Kamera ile ilikuwa ya wawindaji, ya rangi ya majani makavu, wanayoifunga kwenye mti ili mnyama akipita ijipige picha yenyewe. Ya bei rahisi. Aliyemuuzia ni Faridu, fundi simu wa Bomani, na boksi lake liliandikwa kwamba betri hudumu nusu mwaka. Simioni aliifunga kwenye mgunga unaotazama geti la duara, akawatangazia vibarua: sasa nina jicho lisilolala. Walipoomba kofia ngumu aliwaambia dhahabu bado haijajibu, faida haijaonekana. Jicho kwanza.

Ritongo lilikaa kwenye josho la ng'ombe, maana ndipo penye ukuta wa kukalia. Mwenyekiti wake, mzee Machage, alikuwa mzito wa masikio, na shamba lake lilikuwa limekodishwa kwa Simioni. Hayo mawili yalisaidiana sana. Faridu aliweka kompyuta juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wanaume wakasogea. Nyangi alisimama nyuma pamoja na wanawake, mikono ikinuka sabuni. Maneno yalimfikia kama redio ya jirani.

"Wazee wangu, shikamooni," Simioni alianza. "Mimi sina ugomvi na marehemu. Nasema tu kilichopo. Kila anayeingia getini kwangu, kamera inampiga. Tazameni jioni ile, tazameni usiku kucha. Ezra hayupo. Sasa kama ningemwita mimi, si angepita getini? Alipita nyuma, kwenye miba. Anayepita kwenye miba ni nani?"

"Kwenye nini?" aliuliza Machage.

"Miba, tata."

"Eeh. Miba ni ya mwizi."

Faridu alipitisha picha. Majani yakiyumba kwa upepo. Majani tena. Mbuzi wa mtu. Majani. Simioni mwenyewe akikojoa kwenye mgunga, na hapo watu wakacheka, Faridu akaharakisha kidole.

"Mbona majani ni mengi hivi?" mtu mmoja aliuliza.

"Yakitikisika kwenye jua kali, inadhani mnyama," alisema Faridu. "Inapiga tu."

"Kumbe nayo inaogopa majani kama polisi jamii."

Ikafika picha ya jua likizama, geti tupu, kivuli kirefu. Iliyofuata ilikuwa ya siku ya pili, jua limeshapanda, watu wamejaa getini na maiti imelala kwenye turubai. Kati ya hizo hakuna kitu.

"Basi," alisema Simioni. "Mashine haina ndugu."

Machage akaiegemea fimbo yake apate kusimama. Akisimama mwenyekiti, shauri limekwisha.

Nyangi alisikia sauti ikisema, na watu walipogeuka ndipo alipojua ni yake.

"Betri zile nilizianika mimi."

Mwanamke haongei kwenye ritongo kabla hajaitwa. Machage, kwa kuwa hakusikia, hakukemea. Aliuliza, "Anasema nini huyu?"

"Anasema alianika betri, tata."

"Betri za nini?"

"Za kamera," alisema Nyangi. Aliongea polepole, kama anayesoma matangazo. "Simioni alinunua betri za tochi, zile za dukani, seti mbili. Zikaisha upesi. Akasema kila wiki siwezi kununua betri, mama lishe, una bati, zianikie. Nikazianika juu ya paa la mgahawa. Jioni nikamrudishia zikiwa za moto, akazibadilisha na zilizoshinda ndani ya kamera. Siku ile pia nilizianika."

Kicheko kikapita kwenye ukuta wa josho kutoka mwisho hadi mwisho. Si cha ubaya. Hakuna nyumba pale isiyowahi kuanika betri. Ukiziweka juani zinafufuka, redio inasema habari zote kwa sauti kubwa, kisha ikifika matangazo ya vifo inakata, unabaki hujui aliyekufa ni wa kwenu au wa jirani.

"Zilikuwa zimejaa," Simioni alisema. "Niliangalia mwenyewe. Alama imejaa kabisa."

"Faridu," aliita Heche. Huyu Heche alikuwa mponda mawe, mwembamba, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga. "Alama ikijaa, betri imejaa?"

Faridu alitazama kompyuta yake. Kamera aliiuza yeye. "Kwa betri mpya, ndiyo. Hizo za kuanika zinadanganya. Mchana kamera inakula kidogo. Usiku inawasha taa zake ndogo ili ione, na taa ndizo zinazokula betri. Inaweza kuwaka mara moja ikazima. Kukipambazuka betri zikapata joto, inarudi."

"Inaweza," alisema Simioni. "Inaweza si ilifanya."

"Rudisha nyuma," alisema Heche. "Usiku mwingine wowote. Wa juzi yake. Wa wiki ile yote. Nioneshe mlinzi wako, Nashoni. Si anazunguka geti usiku kucha?"

Faridu alirudisha. Usiku wa juzi haukuwa na picha, wala ule wa nyuma yake. Kila jua likizama kamera ilikufa, na kila asubuhi ilifufuka na majani yake.

Nashoni mlinzi alikuwa amekaa palepale kwenye ukuta na rungu lake, akaanza kujikuna shingo.

"Nashoni, mura," alisema Heche, "kazini ulikuwa unakuja, au ulikuwa unakula mshahara wa bure?"

"Nakuja kila siku. Nimewahi kukosa, bosi?"

Simioni alitazama saa yake.

"Basi nawe hukupita getini," alisema Heche. "Ulipita kwenye miba. Nashoni ni intruda, wazee. Tumzuilie kaburi na yeye, aanze kujiandaa."

Safari hii walicheka hadi mzee mmoja akakohoa. Nyangi alitazama vinywa vikifunguka na kufungika. Ezra naye alikuwa hodari wa mizaha ya namna hiyo. Alilijua hilo kama unavyojua jina la mtaa ambako huishi.

Machage alielezwa upya, sikioni, kwa muda mrefu. Akafikiri, au akapumzika. Mwisho alisema kwamba ritongo haliwezi kumwita mtu mwizi kwa sababu ya betri.

"Kwa hiyo Simioni alimwita?" mwanamke mmoja nyuma aliuliza. "Alimwingiza kwenye duara linalolia?"

"Hilo halijulikani," alisema Machage, na hilo alilisikia bila kurudiwa. "Hatukukaa kwa ajili ya hilo. Tulikaa kwa ajili ya kaburi. Kijiji kitachimba."

Na ndivyo inavyokuwa siku zote, tangu wa kwanza walipopima ardhi ya watu kwa kamba. Maskini akishinda sana, anashinda kuzikwa. Aliyemfukia hajulikani.

Walichimba kesho yake, asubuhi, nyuma ya nyumba ya marehemu baba yao. Kijiji kikichimba, kila mwanaume anashika jembe, hata mwenye pikapu. Asiyeshika anajitangaza. Simioni alikuja na viatu vya mpira, akavua saa, akaingia kwenye shimo zamu yake ilipofika. Alichimba vizuri, lazima isemwe. Kwa Ezra alisimamisha kuta zilizonyooka, ngumu, zisizomwaga hata kokoto.

Nyangi alipita na ndoo ya maji na kikombe, akiwapa wachimbaji mmoja mmoja kama ilivyo desturi. Alipofika ukingoni, Simioni aliinua mkono kutoka chini.

"Pole sana, dada," alisema.

Alimchotea. Simioni akanywa yote, akafuta mdomo, akarudisha kikombe. Nyangi alikisuuza, akamchotea aliyefuata.