Mbao Sita za Daraja la Kalungwe

Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, mbao sita za katikati hazikuwa juu ya daraja la Kalungwe. Boloni za kuzifungia zilikuwa zimepangwa ukingoni, juu ya jani la mgomba, kila moja na nati yake.

Mhandisi Marcelline Kitenge alizitazama boloni kabla ya kuutazama mto. Mwizi asingeacha chuma. Mkaguzi wa mradi alikuwa njiani kutoka Kasongo. Asipolipokea daraja siku hiyo, kampuni ingeondoa lori, jenereta na mafundi, na kazi ya barabara ya Kabambare ingebaki bila mwenyewe.

"Mbao ziko kwangu," alisema mwanamke aliyekuja na ubao kichwani, wenzake wakimfuata na nyingine. Alikuwa Honorine, mkulima wa mihogo wa kijiji cha ukingo wa huku, upande wa Kasongo. "Usikasirike, Mama Enjeniere. Tunarudisha. Kila asubuhi tutarudisha."

"Kila asubuhi?"

"Hata lile daraja la zamani, la miti, tulikuwa tunalivua kila mangaribi, giza likiingia. Wale watu wa bunduki wanakuya na pikipiki, njia ya Salamabila. Mutu wa miguu, mbwa wanamubwekea, tunakimbia. Wa pikipiki anafika ungali unatafuta kiatu."

Christophe, fundi wa kuchomelea, alicheka. "Mama, tumejenga daraja ao mulango?"

"Nyumba yako ya Kasongo haina mulango? Unalala wazi?"

Wanawake wakacheka. Marcelline hakucheka.

"Na wa ng'ambo? Wakikimbia usiku, na mvua imejaza mto, watapita wapi?"

Honorine alitua ubao. "Dada yangu Cécilia iko ng'ambo. Akisikia jambo, anavuka mbele ya mangaribi."

"Asiposikia?"

Honorine aliokota boloni, akaanza kuitia mahali pake.

Kulingana na mchoro, nati zilipaswa kuchomelewa ili mbao zisiibwe. Ndiyo kazi iliyobaki, na Christophe alikuwa ameshateremsha jenereta. Saa nne Grégoire, mkaguzi, alifika kwa pikipiki, matope hadi magotini. Mbao zote zilikuwa zimerudi. Alichuchumaa.

"Hazijachomelewa."

"Bado. Kijiji kinazitoa usiku." Marcelline alimweleza yote.

"Basi chomelea upesi! Daraja la kuvuliwa kama koti siwezi kulipokea. Nusu saa tu, nakungoja."

Grégoire alikuwa na haki. Daraja lililipiwa ili dawa na mahindi vipite saa yoyote. Lakini mwezi uliopita vijiji viwili vya barabara hiyo, visivyo na mto, viliporwa, na hiki hakikuguswa. Hilo halikuthibitisha kwamba kuvua daraja ndiko kulikokilinda. Marcelline hakuwa na jambo la kuthibitisha kinyume chake pia. Alichojua kwa hakika ni kimoja: nati isiyochomelewa leo inaweza kuchomelewa mwaka ujao, lakini iliyochomelewa hakuna mtu wa kijiji atakayeifungua, hata siku ya kuihitaji.

"Christophe, zima jenereta."

"Chef, tutarudishwa Kasongo."

"Zima."

Grégoire alivaa kofia yake ya pikipiki. "Nitaandika kwamba sikulipokea, na ulivyosema."

"Andika."

Alhamisi lori liliondoka na jenereta. Marcelline na Christophe walibaki kukamilisha vipimo, wapande pikipiki kesho yake. Jioni Marcelline alimkabidhi Honorine ufunguo wa nati, akamwonyesha namna ya kukaza bila kuharibu meno ya boloni. Wanawake wakazitoa mbao sita, kisha mvua ikanyesha mpaka alfajiri.

Ijumaa kulipopambazuka mto ulikuwa umejaa, hauvukiki kwa miguu. Katika matope ya ng'ambo, alama za pikipiki tatu zilifika mpaka mwanzo wa daraja, mbele ya uwazi wa mbao, zikageuka.

"Ni wao?" Christophe aliuliza.

"Ni pikipiki tatu."

Karibu na alama hizo Cécilia alikuwa amesimama, mtoto mgongoni, kitenge kimelowa hadi kiunoni na kimejaa majani ya porini. Honorine alimwita kwa jina. Sauti ya maji ilikuwa kubwa, alichojibu hakikusikika. Honorine akaanza kuweka mbao, Christophe akimshikia upande wa pili.

Saa kumi na mbili na nusu ubao wa sita ulikazwa, na Cécilia akavuka.