Macho Sita Bila Mashaallah

Kumfuata mtu mtandaoni ni kama kukaribishwa sebuleni kwake. Hupiti ukifunua vyungu, huulizi bei ya makochi, na ukiletewa chai unashukuru. Hivyo ndivyo nilivyojiwekea mimi, Kazija, fundi cherehani wa Mtambile, na kwa miaka sikupata kesi na mtu. Nikiona bi harusi kapambwa, nampigia laiki. Nikiona mtu kafiwa, namwandikia dua nzima, siyo herufi tatu kama hawa wenye haraka zao. Ila picha za watoto wachanga nilikuwa nazitazama na kupita.

Sababu yake mji mzima wanaijua. Nilizaa mtoto mmoja, Thabit, akafa hajajua kukaa. Baada yake kila mimba iliharibika, na mume naye akaenda kutafuta watoto pengine. Mwanamke wa namna hii akimsifu mtoto wa mwenziwe, maneno yake yanachambuliwa kama mchele, na mimi sikuwa na hamu ya kuchambuliwa. Kwa hiyo picha ya mtoto ikitokea, nasema Mashaallah kwa mdomo wangu, namwombea, nasogeza kidole.

Aliyeniharibia utaratibu wangu ni ndugu yangu Usama. Ni mdogo wangu, nimemlea mimi baada ya mama kufa, na sasa anaendesha lori Maskati. Mkewe, Raniya, anakaa kwa mama yake, Bi Umkulthum, nyumba chache kutoka kwangu, pamoja na mtoto wao Maha, ambaye baba yake hajawahi kumpakata. Basi kila siku Raniya anaweka picha ili baba aone: Maha na uji mashavuni, Maha anatambaa, Maha kalala. Mimi Maha nilikuwa nakwenda kumwona kwa miguu yangu. Nilikuwa nambeba, namwogesha, na akiniona ananyoosha mikono miwili. Nilimpenda mpaka nikawa namwogopa.

Siku moja Usama alinitumia sauti. "Dada, kwani mwanangu kakufanya n'ni? Watu baki wanamlaiki, we shangazi yake unapita tu kama huoni. Raniya keshaniuliza, wifi ana nini na mimi?"

Iliniuma. Nilitaka kumwambia kwamba kunyamaza kwangu ndiyo heshima yenyewe, lakini mtu aliye mbali moyo wake ni mwepesi kuumia, nikaona nimridhishe. Picha iliyofuata ilimwonyesha Maha ndani ya kigauni cha manjano nilichomshonea mwenyewe. Wakati huo nilikuwa nampima mwanafunzi sare ya skuli, utepe shingoni, pini mdomoni. Nikabonyeza kile kiuso kinachocheka, chenye mioyo mahali pa macho, nikabonyeza mara tatu, nikatuma. Mashaallah niliitamka, lakini niliitamka na pini zangu, na simu haikuwa na habari.

Nilipomaliza wateja nikafungua tena. Chini ya viuso vyangu Laila, binamu yake Raniya, msichana ambaye ukimnyang'anya simu humwachii kitu, alikuwa ameandika: "Jamani, tukisifu tuseme Mashaallah. Macho yote haya!" Watu walikuwa wameshampigia laiki, na Raniya mmoja wao.

Nikifuta, nimekiri. Nikinyamaza, nimekubali. Nikimjibu Laila anavyostahiki, nimeleta ugomvi sebuleni kwa watu. Mwisho nikaandika, "Mashaallah, tabarakallah, Mungu atukuzie mwanetu," nikakaa kungoja Raniya aitikie amin. Aliitikia za wengine wote.

Kesho yake, watu wametoka kusali Adhuhuri, Bi Umkulthum alipiga hodi. Zamani ukoo wake ulikuwa na mashamba ya mikarafuu mpaka macho yachoke. Mashamba yamepungua, lakini yeye hajapungua, na ukisema naye unajikuta umesimama. Nyuma yake alikuja Laila.

"Shikamoo, Bi Umkulthum. Karibuni."

"Marahaba." Hakukaa. Alifungua baibui lake akatoa beseni. "Mwana mgonjwa, Kazija. Anachemka tangu jana. Alfajiri kakaza mwili, macho kayageuza juu. Tumekuja kukuomba maji."

Nilijua maji gani. Kwetu anayeshukiwa kuwa na jicho huombwa atie udhu ndani ya chombo, na maji yaliyopita mwilini mwake akamwagiwa mgonjwa. Wanasema ni jambo la dini, wala halina tusi ndani yake. Wanaosema hivyo hawajaombwa wao.

"Hospitali mmempeleka?"

"Hospitali hawana sindano ya jicho."

"Bi Umkulthum, nguo aliyovaa yule mwana n'meshona mimi. Nimvishe mwenyewe, kisha nimhusudu?"

"Sikwambii umekusudia. Jicho halikusudii. Lakini tumehisabu. Macho sita, na Mashaallah hata moja."

"N'liiandika."

"Uliiandika keshapigwa." Akanisogezea beseni. "Usinitazame vino, Kazija. Uchungu wa mwana aujua mzazi."

Neno hilo kila mtu analijua na halina ubaya, ila siyo kuambiwa mimi. Mimi nimemwosha mwanangu maiti kwa mikono hii. Hasira ilinipanda nikamwambia sitoi maji, si leo si kesho. Na haikuwa ukaidi tu. Nikitia udhu ndani ya beseni lile nimejitia muhuri. Hakuna mama wa Mtambile ambaye angeniachia tena mwanawe nimpime hata bega, na Maha ningeishia kumwona kwenye picha, kama wangeniachia hizo picha.

Laila alikuwa amesimama kizingitini anaandika kwenye simu yake. Haukupita muda ya kwangu ikalia. Usama. Alikuwa analia, na Usama tangu ajue kuvaa suruali sijamsikia akilia.

"Dada, tia maji tu. Mi najua huna jicho. Lakini tia."

"Kama unajua sina, maji ya n'ni?"

Nilisikia lori linanguruma.

"Itakuwaje kama unalo na hujijui?"

Mtoto huyu nilikuwa namtafunia pweza akiwa hana magego. Niliiweka simu juu ya cherehani, nikajitanda mtandio, nikampita Bi Umkulthum na beseni lake, nikaenda moja kwa moja mpaka kwao.

Raniya alikuwa sakafuni kwenye mkeka, Maha kifuani. Chumba kilinuka ubani. Hakunisalimia, lakini hakumficha mtoto, nami nikapiga magoti. Maha hakunyoosha mikono. Pua zilikuwa zinatanuka na kusinyaa, na kila akivuta pumzi ngozi ya chini ya mbavu ilikuwa inazama ndani. Alikuwa anaguna kidogokidogo, mguno wa mtu mzima aliyebeba mzigo. Thabit alipumua hivyo. Na mimi siku hiyo nilikaa nikingoja apate nafuu, kwa sababu kulikuwa na watu wakubwa chumbani walioniambia ningoje.

"Raniya, huyu ni kichomi. Kifua kinambana. Apelekwe hospitali sasa hivi."

Raniya alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amefika mlangoni anatweta.

"Maji kwanza," alisema Bi Umkulthum.

"Mama, lakini angalia anavyo..."

"Maji kwanza! Tumtoe nje na jicho lake mwilini, afe njiani? Nani ataniambia ana haraka na mjukuu wangu kuliko mie?"

Raniya aliinamisha kichwa akambana mtoto. Yule bibi hakuwa mbaya, na hilo ndilo lililonitisha. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba anamwokoa, na mtu wa namna hiyo humtoi kwa maneno. Nikafikiri nimpokonye mtoto nikimbie. Ningefika wapi? Mwanamke mwenye jicho anakimbia na mtoto, wangenikamata kabla sijaiona barabara. Nikabishana? Maha alivuta pumzi nyingine, ngozi ikazama, ikakaa ndani kabla ya kurudi.

Simu nilikuwa nimeiacha kwangu. Nikamgeukia Laila, aliyesimama nyuma ya bibi. "Mpigie Rajab wa gari ya kukodi. Aje mpaka hapa mlangoni na asizime moto. Fanya kitu cha maana na hiyo simu leo."

Alipiga. Nikakunja mikono ya gauni.

"Leta beseni, Bi Umkulthum. Natia, lakini kwa sharti. Nikimaliza mguu wa mwisho, mwana yumo garini anakwenda hospitali ya Mkoani. Hangoji kusomewa, hangoji mtu. Uape."

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Wallahi, Kazija."

Majirani walikuwa wameshajaa kibarazani, maana habari ya maji hutangulia maji yenyewe. Jirani mmoja, Mgeni, mwenye pacha ninaowashonea sare tangu waanze skuli, alikuwa mbele kabisa. Nikaosha uso, maji yakadondoka ndani ya beseni. Nikaosha mikono mpaka viwikoni. Nje gari ya Rajab ilikuja ikasimama. Nilivaa gauni, sketi ya ndani na mtandio, na nilijiona niko uchi. Nilitamani mmoja tu kati ya wale wanawake ageuze uso. Nilipofika mguuni nikausugua mguu kwa nguvu, ili waone naosha, wasione aibu yangu. Laila aliinua simu.

"Weka simu, Laila," nilisema. Aliiweka.

Bi Umkulthum alimmwagia mjukuu wake yale maji huku anasoma. Maha alilia kilio kidogo, chembamba. Yule bibi akatimiza kiapo chake, sina la kumsingizia: alimsukuma Raniya garini kwa mikono miwili, akapanda nyuma yake. Nami nikashika mlango nipande.

"We baki," alisema, akaufunga.

Nilirudi kwangu nikakaa mbele ya cherehani bila kutia uzi. Alasiri iliadhiniwa, nikasali, sikumbuki nilisoma nini. Sikumpigia mtu. Nilijua simu yangu ikitokea kule ingeonekana kama mkono mwingine wa jicho. Magharibi inakaribia ndipo ujumbe wa Raniya ulipoingia. "Ni nimonia, wifi. Wamemtia oksijeni. Daktari kasema tungechelewa zaidi tusingemkuta. Ahsante." Niliweka kichwa juu ya kitambaa cha watu nikalia mpaka kikalowa, ikabidi nikifue.

Maha alipona. Waliporudi nyumbani Raniya aliweka picha, mtoto amekonda lakini anacheka, na maneno chini yake: "Alhamdulillah, mwanetu yuko salama. Jicho lipo, jamani. Tukipita kwenye picha za watoto wa wenzetu tusisahau Mashaallah. Shukrani kwa Mwenyezi Mungu, na kwa maji." Jina langu hakulitaja. Nimonia pia hakuitaja. Mashaallah zilikuwa zimepangana mpaka kidole kichoke, na Usama, ndugu yangu, kaweka moyo.

Ndipo nilipoelewa. Kupona kwa mtoto ndiko kulikokuwa ushahidi. Nilitia maji, mtoto akapona, basi jicho lilikuwa langu. Mtoto wa chekechea angekupigia hesabu hiyo. Nikamwandikia Usama: "Uliniambia unajua sina. Kwa hivyo mwanao kaponywa na nani?" Alisoma. Baadaye aliniandikia kwamba nisikasirike, muhimu mtoto mzima. Na ni kweli, ndilo muhimu, na bado nilikasirika.

Mgeni alikuja kuchukua sare za pacha wake zikiwa hazina vifungo, akasema atavitia mwenyewe. Wengine wakawa wanaleta nguo za kupimia, watoto wamewaacha nyumbani. Nilikubali. Nguo ya kupimia hailii, haikojoi, na haikimbii na utepe wangu.

Kwa Raniya sikwenda, wala picha sikuzigusa. Ilikuwa mpaka siku anataka gauni la harusi ya Laila ndipo alipopiga hodi kwangu mwenyewe, kitambaa mkononi na Maha kiunoni. Alikuwa amemfunika mtoto uso kwa mtandio.

"Mama ndo kan'ambia n'mfunike," alisema haraka. Macho yake yalikuwa kwenye sakafu. "Usichukulie vibaya, wifi. Mi nilimsikia daktari. Naijua haki yako. Lakini n'na mmoja tu."

"Kaa nikupime," nilimwambia.

Nilikuwa nampima bega. Chini ya mtandio mtoto alikuwa anahangaika, anapumua vizuri, anapiga mateke. Kisha mkono mdogo ukatokea, ukashika ukingo wa kitambaa, ukavuta. Maha akanitazama. Amenenepa. Ana meno mawili mapya na kovu la sindano mkononi. Akacheka, akaninyooshea mikono yote miwili.

Nilihisi bega la Raniya linakuwa gumu chini ya utepe wangu. Alikuwa anangoja, na mimi nilijua anangoja neno gani, na nikalichelewesha. Nilimtazama yule mtoto. Nilimtazama kwa macho yangu yote mawili, nywele, meno, kidevu cha Usama, kifua kinachopanda na kushuka bila kuzama, nikamtazama mpaka nikashiba.

Kisha nikasema Mashaallah, kwa sauti, ili mama yake naye apate kupumua.